Mwakilishi wa Mguu wa Bi Nyamizi

Nchi ya Niabani haimo kwenye ramani. Si kwamba ni ndogo, la. Ramani yake ilitumwa ng'ambo kuiwakilisha mkutanoni, na mpaka leo haijarejea. Lakini nchi ipo, na watu wake wapo: wanalima, wanazaa, wanapiga makofi. Atakayeona inafanana na nchi anayoifahamu, hayo ni macho yake, akayaoshe.

Watu wa Niabani wana desturi moja wanayoipenda kama wengine wanavyopenda pilau: mkubwa hafanyi jambo mwenyewe. Mkuu wa nchi hajaonekana tangu aapishwe, na hata kiapo chenyewe, wanasema, aliyekila ni binamu yake. Mkuu humtuma Waziri, Waziri humtuma Naibu, Naibu humtuma Katibu, na Katibu, jua likiwa kali, hutuma yeyote mwenye koti. Naye huyo mwenye koti akishafika, basi ndiye Mkuu. Watu watamsimamia, watampigia makofi, watamwita Mtukufu, na neno lake halina rufaa. Mwaka ule mvua zilipokosekana, serikali ilituma gari la maji lipite barabara kuu likinyunyiza, kwa niaba ya masika. Vumbi likatulia kidogo, na redio ikatangaza kwamba msimu umekuwa mzuri.

Sasa katika kata ya Mlimbiko, huko huko Niabani, aliishi Bi Nyamizi. Asubuhi moja alikuwa akipepeta mtama, ungo ukamponyoka, na mkono wa kulia haukwenda kuudaka. Akataka kuinuka, mguu nao ukakataa. Kiharusi. Upande mzima ukalala, mguu ukawa kama wa jirani: unauona, lakini huwezi kuutuma.

Bintiye Kabula akamchukua akae kwake. Kabula alifanya kazi kiwanda cha maziwa, anatoka alfajiri na kurudi jua likizama. Aliyebaki nyumbani mchana ni mumewe, Shigela, ambaye kiwanda chake cha nyuzi kilifungwa zamani, kikaacha kibao getini kukiwakilisha. Na hapo ndipo palipokuwa na jiwe ndani ya wali. Kwao, mama mkwe na mkwe mwanamume hawali sahani moja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini kama anatafuta kuku. Sasa Bi Nyamizi akibanwa na haja mchana, nani wa kumpeleka chooni, huko nyuma ya nyumba, kupita migomba? Shigela huyo huyo.

Shigela alikuwa kijana wa adabu. Alimbeba mama mkwe huku ameangalia mawinguni, akikohoa kila hatua ili majirani wasidhani kimya kile kina maana nyingine. Bi Nyamizi alijifunika kanga uso mzima. Wakifika, Shigela anamshusha, anakimbia mpaka barabarani, anasimama huko akitazama magari yasiyopita. Akiitwa anarudi akikohoa.

"Samahani, mama," husema, kwa mawingu.

"Ahsante, baba," hujibu kanga.

Mambo yakamshinda Bi Nyamizi. Akaacha chai ya asubuhi. Akaacha uji. Maji akawa analowesha ulimi tu, mpaka Kabula arudi. Midomo ikampasuka. Kabula akilia, yeye humwambia, "Mwanangu, kiu naiweza. Ile safari ya kubebwa na mumeo ndiyo siiwezi. Mungu akinirudishia mguu, sitaki nicheze ngoma, sitaki nipande mlima. Nataka kwenda chooni peke yangu. Basi."

Hilo tu ndilo alilolitaka duniani.

Ukweli usemwe, hata serikali ya Niabani hujikwaa ikaangukia jambo jema. Ilileta vifaa vya kuwatibu wazee walioko mbali na hospitali. Bi Nyamizi akavishwa bangili nyeusi mguuni, inayohisi mguu ukisogea. Akapewa na kishikwambi, kile kioo mfano wa sinia, na humo ndani alitokea binti mmoja aliyekaa mji mkuu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, jina lake Asteria. Bibi akisogeza mguu Mlimbiko, Asteria anaona huko huko aliko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekaa kwenye sinia?"

"Nimekaa ofisini, bibi. Haya, inua kisigino."

"Nimeinua."

"Bado, bibi. Bangili inaniambia umeinua nyusi."

Bi Nyamizi akacheka mpaka kisigino kikainuka kwa bahati mbaya. Asteria akashangilia. Toka siku hiyo ikawa kila asubuhi: kisigino, goti, kunja, nyoosha, kaa kitandani shuka kitandani. Asteria hakuwa na haraka wala hakuwa na huruma ya kijinga. Akisema tena, ni tena. Bibi akimwambia amechoka, humjibu, "Choka ukiwa umesimama." Haukupita muda mrefu, Bi Nyamizi akaweza kusimama ameshika ukuta, mguu ukitetemeka kama wa ndama aliyezaliwa leo. Shigela alichungulia dirishani, akasahau adabu, akapiga kelele, "Mama!" Kisha akakumbuka, akakohoa.

"Bibi," Asteria akamwambia, "mvua za vuli zikianza utakuwa unakwenda mwenyewe unapotaka."

Siku hiyo Bi Nyamizi alikunywa kikombe kizima cha uji.

*

Kumbe katika mji mkuu, ukumbini kwa Waziri, kulikuwa na kioo kikubwa ukutani. Kila kata ilionyeshwa kwa rangi: wazee wake wenye bangili wakisogea sana, kata inakuwa kijani, wakisogea polepole, kata inakuwa nyekundu. Na wazee wa Mlimbiko, kwa kuwa ni wazee, walisogea polepole. Mlimbiko ikawaka nyekundu kama jicho la mlevi.

Ofisa wa kata, Bwana Kihemba, hakulala. Kulipokucha alifika kwa Bi Nyamizi na tai yake, nyuma yake mgambo mmoja mwenye ndevu na misuli ya miguu kama mihogo miwili, aitwaye Ndaturu.

"Shikamoo, bibi. Serikali yako sikivu imekuja kukupunguzia mzigo."

"Marahaba. Mzigo upi?"

Kihemba akasafisha koo. Mtu wa Niabani akisafisha koo, tafuta pa kukaa. "Bibi, katika mkakati jumuishi wa kitaifa wa uinuaji wa visigino, imebainika kwamba wewe, mama yetu, hazina yetu, unatoa jasho. Jasho! Katika umri huo! Je, taifa linaloheshimu wazee wake litaruhusu mzee atoke jasho ilhali vijana wapo? Haiwezekani. Umepandishwa cheo, bibi. Kuanzia leo utawakilishwa."

"Nitawakilishwa wapi?"

"Mguuni."

Bi Nyamizi akamtazama Ndaturu, akatazama ile mihogo yake. "Baba, mguu uliolala ni wangu."

"Ndiyo maana ukawakilishwa wewe, bibi. Ungekuwa wa mtu mwingine, tungemwakilisha huyo mwingine."

"Huyu akikimbia, mimi nitapona?"

"Kwani Mkuu akiwakilishwa mkutanoni, mkutano haufanyiki?"

Maneno ya namna hiyo hayana pa kushika, ni kama kambale. Papo hapo bangili ikavuliwa mguuni kwa Bi Nyamizi ikafungwa mguuni kwa Ndaturu, na kishikwambi kikaingia kwapani mwa Kihemba. Shigela akasogea mlangoni akitaka kusema neno. Kihemba akamwuliza kama ana upungufu wa uzalendo. Shigela akakohoa.

Ndaturu akaanza kazi mara moja. Alikimbia kuzunguka kata asubuhi, akaruka kamba mchana, jioni akachezea timu ya mpira nafasi ya mshambuliaji. Wazee wengine nao wakapewa wawakilishi, Mlimbiko ikawa kijani, na kata nyingine zikaiga. Redio ikatangaza kwamba ajuza wa Mlimbiko amefunga bao kwa kisigino.

Asteria, kule mjini, akashangaa. Akapiga simu ya kishikwambi, kioo kikafunguka, akatokea mwanamume mwenye ndevu anahema.

"Bibi yuko wapi?" Asteria akauliza.

"Ndiye mimi."

"Wewe ni bibi?"

"Kwa niaba. Nikuinulie kisigino?"

Asteria akapeleka malalamiko kwa wakubwa zake. Wakubwa wakamsikiliza kwa makini, wakaona kwamba binti amechoka na kazi, wakampa na yeye mwakilishi: sauti iliyorekodiwa, ikawa inamwambia Ndaturu kila asubuhi, "Vizuri sana bibi, hongera bibi." Asteria mwenyewe akahamishiwa chumba cha kupanga viti.

Bi Nyamizi alijaribu peke yake. Akashika ukuta, akainua, akaanguka. Hakujua goti lake linakosea wapi. Aliyekuwa analiona ni yule binti wa kwenye sinia. Mguu ukaanza kurudi kulala kidogo kidogo. Uji akauacha tena.

Na yakaja mengine. Kihemba alirudi na tangazo, akalisoma mlangoni kwa sauti. Bi Nyamizi wa Mlimbiko amepona rasmi. Kwa hiyo ni marufuku mtu yeyote kumbeba, kumshika mkono au kumwonea huruma hadharani, maana kumbeba mtu aliyepona ni kuzidhalilisha takwimu. Atakayeonekana atawekwa ndani.

"Sasa chooni nitakwendaje?" Bi Nyamizi akauliza.

"Kwa miguu, bibi. Jana tu umekimbia mpaka mtoni na kurudi."

Basi mkamwone Shigela na toroli. Mama mkwe ndani, juu yake majani ya viazi, na Shigela anasukuma kupita migomba akiimba kama mtu apelekaye chakula cha sungura. Ndaturu akipita mbio na bangili yake huuliza, "Majani hayo?" Shigela hujibu, "Majani." Na majani yenyewe, humo torolini, hunong'ona, "Sukuma, baba, sukuma." Bi Nyamizi alizaliwa kwenye ukoo unaoheshimika. Sasa akawa mboga.

*

Ikatangazwa sherehe ya Taifa ya Visigino, na kwa kuwa Mlimbiko iliongoza nchi nzima, sherehe ikawekwa kiwanjani hapo hapo. Mkuu wa nchi angekuja kumpongeza Bi Nyamizi uso kwa uso.

Yaani alikuja mwenye koti. Bwana Mkwizu, mwembamba, mwenye viatu vinavyomeremeta, anamwakilisha Katibu, anayemwakilisha Naibu, anayemwakilisha Waziri, anayemwakilisha Mkuu. Alipigiwa king'ora kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti, umbali wa mbuzi kuruka.

Bi Nyamizi aliletwa pia, maana Kihemba aliogopa kumwacha nyumbani na ulimi wake. Akafichwa nyuma ya hema, torolini, Shigela kando. Wakampa soda. Kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za Niabani soda ilikuwa soda kweli, baridi, na mwanamke ambaye ameishi kwa kulowesha ulimi alisahau hekima yake yote. Akainywa. Akapewa ya pili, akainywa nayo.

Kule mbele Ndaturu akaitwa jukwaani, kajitanda kanga.

"Shikamoo, bibi," akasema Mkwizu.

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu Ndaturu kwa sauti ya mgambo, na kiwanja kizima kikapiga makofi.

Zikaanza hotuba. Aliyemwakilisha Mwenyekiti alimshukuru aliyemwakilisha Mganga Mkuu. Aliyemwakilisha Mganga Mkuu alieleza kwamba zamani mzee akiugua aliugua mwenyewe, mambo ya kizamani hayo. Nyuma ya hema soda zikaanza kudai.

"Baba," Bi Nyamizi akamnong'oneza mkwewe, "niitie Kihemba."

Kihemba akaja ameinama. "Bibi, hotuba ya Mtukufu bado."

"Kihemba, nimebanwa."

"Jikaze."

"Kibofu hakijui itifaki."

Kihemba akafikiri. Alikuwa mtu wa ufumbuzi. Ndiyo maana alipewa tai. Akamkonyeza Ndaturu. Ndaturu akashuka jukwaani mbio, akaenda chooni pembeni ya kiwanja, akakaa huko muda wa kutosha, akarudi akinawa mikono kwa heshima.

"Tayari, bibi," Kihemba akasema. "Unajisikiaje?"

Bi Nyamizi akashika kingo za toroli. Katika maisha yake alikuwa amekwisha kuona ng'ombe akiingia kisimani kumfuata kivuli chake, lakini hili lilikuwa kubwa zaidi.

"Shigela," akasema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkwewe kwa jina, "toa majani. Nisukume mbele."

"Mama, watatuweka ndani."

"Ndani kuna choo. Sukuma!"

Toroli likapita katikati ya wageni waalikwa, gurudumu linalia kama bata, mpaka likasimama mbele ya Mkwizu. Bendi ikanyamaza. Kamera za runinga, ambazo Niabani husahau kuzizima pale tu zinapohitajika kuzimwa, zikageuka.

"Wewe ni nani?" akauliza Bi Nyamizi.

Mkwizu akajinyoosha. "Mimi namwakilisha Katibu, anayemwakilisha Naibu, anayemwakilisha..."

"Fupisha, baba, nina haraka. Hapa amesimama nani?"

"Amesimama Mkuu wa nchi."

Kwa kutajwa hilo jina, watu wote wakainuka na kupiga makofi, kama sheria inavyotaka.

"Vema. Mimi ndiye Nyamizi. Yule mwenye ndevu ni ndevu tu. Nilikuwa na bangili na mjukuu wa kunielekeza, nikasimama. Mkanipokonya, nikalala. Sasa nataka kwenda chooni. Huyu aliyenisukuma ni mkwe wangu, amenibeba mpaka nimekoma kunywa maji kwa haya. Wewe si mkwe wangu. Wewe ni Mkuu, baba wa taifa zima, umesema mwenyewe. Nibebe."

Mkwizu akageuka kutafuta wa kumtuma. Nyuma yake palikuwa na kiti. Dereva wake alikuwa amekwenda kula. Kihemba alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Yule mwenye koti alikuwa ndiye mwisho wa mnyororo, na chini yake hakuna mtu ila ardhi.

"Bibi, pengine kamati..."

"Mnasikia?" Bi Nyamizi akawageukia watu. "Mkuu wa nchi anakataa!"

Kiwanja kikasimama, kikapiga makofi, maana jina limetajwa. Na makofi ya Niabani hayana njia ya kutofautisha. Mkwizu alisikia anashangiliwa kabla hajafanya, na mkubwa akishashangiliwa hawezi kurudi nyuma. Akapiga goti, akamwinua Bi Nyamizi. Miguu yake myembamba ikatetemeka, viatu vikazama udongoni. Bendi, isiyojua la kufanya, ikapiga wimbo wa taifa. Wakaenda hivyo mpaka chooni, king'ora kikitangulia, watu wamesimama wima mikono kifuani.

Jioni redio ikatangaza: "Mtukufu Mkuu wa nchi leo ametembelea choo cha Mlimbiko, na kuridhishwa."

*

Ilivyo kawaida, mzee mmoja akisikia mwenzake kapata, na yeye huuliza foleni inaanzia wapi. Nchi nzima wazee waliopona rasmi wakaanza kupiga simu wilayani. "Naomba Mkuu aje, nimebanwa." Kukataa hakuwezekani, Mkuu alikwisha kubeba. Wenye makoti wakaisha. Wakatumwa makatibu, migongo ikawauma; wakatumwa manaibu. Siku Waziri mwenyewe alipoamshwa usingizini mchana kwenda kumbeba mzee mmoja mnene wa huko milimani, baraza likaitishwa haraka, na kwa mara ya kwanza wakaja wenyewe, maana wawakilishi wote walikuwa vyooni.

Wakatoa azimio kwamba mguu ni kitu kisichowakilishika. Wakaliita fikra ya Mkuu, wakalipigia chapa kwenye fulana: KILA MZEE NA MGUU WAKE. Kihemba alipita nyumba kwa nyumba akirudisha bangili na vishikwambi, akiwaeleza wazee kwamba amekuwa akilipigania jambo hilo tangu mwanzo. Kwa Bi Nyamizi alikaribishwa kiti, akapewa maji, hakuulizwa neno. Ndaturu aliomba bangili abaki nayo kidogo, alikuwa na mechi Jumamosi. Wakamnyima.

Kioo kikafunguka. Asteria, kakonda kidogo kwa kupanga viti.

"Shikamoo, bibi. Inua kisigino."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hakiinuki. Kimekuwa kiongozi."

"Tutakitoa madarakani. Tena."

Walianza nyuma ya pale walipoanzia mara ya kwanza, na kwa wakati wote ule uliopotea hakuna aliyesema pole. Mvua za vuli zikaja zikapita, Bi Nyamizi bado anashika ukuta. Kisigino, goti, kunja, nyoosha. Alilia, akatukana, akarudia. Shigela alitengeneza fimbo ya mpera, akaiegemeza mlangoni, akaenda barabarani kutazama magari.

Na asubuhi moja, Kabula yuko kazini, Bi Nyamizi akamaliza chai yake yote. Akashika fimbo. Akapita migomba, mguu wa kulia ukiburuza nyuma kama mtoto asiyetaka shule, lakini ukija. Shigela alimwona kutoka barabarani. Hakukohoa.

Lakini bangili nayo ilisema mjini, mjini wakamwambia Kihemba, na Kihemba akafika mbio na mpiga picha, Ndaturu, na watu wawili wa kupiga makofi. Wakamkuta Bi Nyamizi ndiyo kwanza anaingia. Mlango ukafungwa, komeo likasikika kwa ndani.

Kihemba akagonga. "Bibi! Bibi, fungua kidogo tu! Taifa zima linataka kushuhudia!"

"Liambie taifa," Bi Nyamizi akajibu toka ndani, bila haraka, "lipange foleni."